Mzazi, Usinyakue Kibodi

Tangu Kenya ilipoidhinisha mtaala wa kuandika programu za kompyuta shuleni mwaka 2022, swali la mzazi ni moja: nitamsaidiaje mwanangu kwa jambo nisilolijua?

Jibu lilikwishatolewa zamani na lugha ya kompyuta iitwayo Logo, iliyobuniwa Marekani mwaka 1967 na Seymour Papert na wenzake. Humo mtoto humwamuru kobe wa kwenye skrini: nenda mbele hatua 100, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara 4. Mraba huo! Akiandika 60 badala ya 90, umbo halifungi. Hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu: tunanyakua kibodi na kusahihisha. Papert alitaka mtoto ajifanye kobe, aipite njia ile kwa miguu yake, alione kosa mwenyewe.

Leo kuna lugha ya aina hiyo iitwayo Scratch, ya bure, yenye Kiswahili, na ukishaipakua haidai intaneti. Mzazi aulize mawili tu: ulitaka programu yako ifanye nini, na imefanya nini? Kisha asubiri.

Shule nazo zikinunua kompyuta bila kuwaandaa walimu kwa subira hiyo, zitakuwa zimenunua mapambo.