Haiba ya Kutaka Kutazamwa

Tatizo la haiba ya kujionyesha humfanya mtu akose raha asipotazamwa. Hisia zake hubadilika upesi, maneno hutiwa chumvi, mavazi huvuta macho, na aliyejuana naye juzi huitwa rafiki wa chanda na pete. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, unataka dalili 5 au zaidi kati ya 8, zilizojitokeza kufikia mwanzo wa utu uzima. Kupenda sherehe na vicheko si ugonjwa. La sivyo nusu ya mtaa ingelazwa. Tiba kuu ya tatizo hili ni mazungumzo ya muda mrefu na mtaalamu wa saikolojia. Dawa hutolewa kwa sonona au wasiwasi unaoandamana nalo. Anayetishia kujiua, hata akidhaniwa anaigiza, apelekwe hospitali.