Homa ya uti wa mgongo ipo mlangoni

Banalia si mbali kama tunavyodhani. Iko Tshopo, jirani zetu sisi wa Kindu, na anayetoka hapa kwa mtumbwi hadi Ubundu, kisha Kisangani, amekaribia kufika. Serikali ilipotangaza mlipuko wa homa hiyo huko tarehe 7 Septemba 2021, walioshukiwa kuugua walikuwa 261 na waliofariki 129. Karibu nusu! Sampuli zilipelekwa Paris, Institut Pasteur, ndipo ikathibitishwa kuwa ni bakteria ya naiseria meninjitidi.

Bakteria hiyo baadhi yetu tunaibeba kooni bila kuugua, takriban mtu 1 kati ya 10. Huenezwa kwa mate na makohozi, hasa watu wanapobanana: mabwenini, kambini, machimboni. Ikipenya damuni hadi kwenye utando wa ubongo, inaweza kuua ndani ya saa 24.

Dawa ipo. Seftriaksoni, ikichomwa mapema, inaokoa. Banalia matibabu na chanjo vilipofika, vifo vilipungua sana. Kinachoniuma ni zile wiki za kabla yake.

Basi mama, mtoto akiwa na homa kali, mwambie ashushe kidevu kifuani. Shingo ikikataa, usingoje asubuhi, usianze na dawa za malaria za nyumbani. Kwa mtoto mchanga, papasa utosi: ukiwa umevimba, mbebe sasa hivi hadi hospitali. Na muuguzi akitaka kutoa maji ya mgongoni, mkubalie. Yakitoka na ukungu kama maji ya mchele, sindano ianze palepale.