Mkoba Nilioutamani Dubai

(Mada iliyotolewa na mwanafunzi wa chuo kikuu katika futari ya pamoja ya vijana)

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Ama baad. Niliombwa nizungumzie israfu. Nikafungua vitabu, nikaandika kurasa sita, kisha nikazikunja nikaziweka. Niliona haya kuwakanya watu jambo ambalo mimi mwenyewe lilinishinda. Kwa hivyo leo nitawasimulia lililonipata, na mwenye kujiona ndani yake asimtazame jirani.

Mwaka jana, likizo ya chuo, khalati yangu anayekaa Deira aliniita Dubai kwa wiki mbili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Siku ya tatu akanipeleka Dubai Mall, lile jumba kubwa la maduka lililofunguliwa mwaka 2008. Yeye akaenda kutafuta viatu vya watoto, mimi nikabaki upande wa maduka ya fahari. Subhanallah! Mikoba imepangwa mmoja mmoja, kila mmoja na taa yake, na bei haikuandikwa popote. Nilisimama pale mpaka adhana ya Magharibi ikasikika humo humo ndani, na mimi bado natazama.

Ndugu zangu, kutazama kizuri si dhambi. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mtu anayependa nguo yake na kiatu chake kiwe kizuri, akabainisha kwamba hicho si kiburi, kwani Allah Mwenyewe anapenda uzuri. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi tatizo halikuwa jicho langu. Tatizo ni lililofuata baada ya jicho.

Nilijiona kwenye kioo cha duka, na begani nimetundika kikapu cha miyaa alichonisukia Bibi zamani, macho yake yakiwa bado na nguvu. Nikakisogeza nyuma ya mgongo. Hakuna aliyenicheka. Muuzaji alinisalimu kwa adabu zote. Aliyekidharau kile kikapu ni mimi, mjukuu wa mwenye kukisuka.

Ndipo nikamkumbuka Qarun katika Suratul Qasas. Sisi madrasa tulifundishwa habari za hazina zake, ambazo funguo zake ziliwalemea watu wenye nguvu. Lakini kisa kile kina kundi jingine: wale waliosimama kando ya njia wakimtazama akipita na mapambo yake, wakatamani laiti wangekuwa yeye. Hawakuwa na kitu, ila nyoyo zao zilikuwa zimeshapanda msafara wake. Ardhi ilipommeza, wao ndio waliozinduka. Vijana wenzangu, wengi wetu hatutakuwa Qarun. Hatari yetu ni kuwa wale wa kando ya njia.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwani hapa ndipo penye aibu yangu. Kabla sijaondoka, Bibi alinipa shilingi 3,000 alizokusanya kidogo kidogo, nimnunulie msahafu wa maandishi makubwa, maana macho yamepungua. Zile pesa nilizibadilisha zikawa dirhamu themanini na kitu. Siku mbili kabla ya kurudi, nikapita kwenye kijiduka kimoja cha mikoba ya kuiga. Nikanunua mkoba wenye herufi L na V. Bibi nikamwambia misahafu ile sikuipata.

Akaupapasa ule mkoba kwa vidole. Akauliza, "Ngozi hii?" Nikasema, "Ngozi, Bibi." Uongo mara mbili kwa siku moja, kwa ajili ya plastiki. Na Mtume (s.a.w.) ameshamfananisha anayejionyesha kwa asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo.

Baadaye nikasoma habari za mikoba hii, na nilichokipata kilinitoa jasho. Kwanza, ile nembo ya Louis Vuitton ilibuniwa mwaka 1896 ili kuwazuia waigaji, na leo ndiyo yenye kuigwa kila soko. Pili, mkoba maarufu kuliko yote, Birkin wa kampuni ya Hermès, umepewa jina la Jane Birkin, mwigizaji na mwimbaji Mwingereza aliyeishi Ufaransa. Mnajua mama huyu alikuwa akitembea na nini kabla ya hapo? Kikapu! Kikapu cha kusukwa, miaka na miaka. Vitu vyake vilimwagika ndani ya ndege akiwa ameketi karibu na mkuu wa Hermès, na mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa mkoba ule miaka ya 1980. Ule wa kwanza kabisa aliutumia mpaka ukachakaa, na mwaka 1994 akautoa upigwe mnada kusaidia vita dhidi ya Ukimwi. Julai 2025 ukauzwa tena Paris kwa euro milioni 8.6, zaidi ya shilingi bilioni moja za Kenya. Mwenyewe aliutoa, dunia ikaulilia. Na mimi niliyekuwa na kikapu nikakificha.

Kaka zangu, naona mnacheka. Msicheke, nyinyi mna viatu, saa na simu.

Kumi la mwisho linakuja, na Barabara ya Biashara itajaa watu mpaka usiku wa manane. Sisemi msinunue nguo za Idd, kupendeza siku ya Idd ni katika furaha yetu. Nasema kila mtu ajiulize akiwa dukani: hii pesa ni ya nani, na nani anaingojea? Zakatul Fitri ni pishi moja tu ya chakula kwa kila kichwa, kama kilo mbili na nusu hadi tatu, na itoke kabla ya swala ya Idd. Isiwe viatu vimenunuliwa mapema, na pishi ya maskini inatafutwa asubuhi ya Idd.

Mkanda wa ule mkoba ulikatika mwezi wa tatu. Msahafu niliupata hapa hapa Mombasa, duka la vitabu, nikaulipa kwa pesa zangu za matumizi ya chuo. Usiku wa kuamkia Ramadhani nikampelekea Bibi, nikamweleza yote, nikaomba radhi nikilia.

Akaufungua, akausogeza karibu na taa. Akaniambia, "Nilijua siku ile ile. Macho ndiyo yaliyopungua, mjukuu wangu. Pua ingali nzima, na ngozi hainuki vile."

Sasa yuko juzuu ya saba. Kile kikapu ndicho nilichokuja nacho leo, kina tende zenu za kufuturia.

Allah azikinaishe nyoyo zetu na atutakabalie funga zetu. Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.