Tuliyoyaona Manah, na Tusiyoyaona

Wazee wangu, ndugu zangu na wanangu,



Nimetakiwa niseme machache juu ya ziara yetu ya jana katika Makumbusho ya Oman Katika Zama, pale Manah, mwendo mfupi kwa gari kutoka hapa Nizwa. Jiwe lake la msingi liliwekwa na Marehemu Sultan Qaboos mwaka 2015, na Sultan Haitham akayafungua Machi 2023. Mmeona wenyewe jinsi kuta zake zilivyochongoka, zikiigiza milima ya Hajar.

Tulianza na watu wa kale na shaba ya Magan, tukapita kusilimu kwa watu wa Oman, tukawafikia Mayaaruba, waliowatoa Wareno Maskati mwaka 1650 na kuitwaa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Tulipofika kwa Mabusaidi, mjukuu wangu alinishika mkono akaniuliza kwa Kiarabu: "Babu, na sisi tumo wapi?"

Nilinyamaza. Makumbusho hayana kosa. Kazi yake ni kuhifadhi habari za taifa. Hayawezi kumjua babu yetu aliyeshuka pwani akapanda jahazi kwa upepo wa kaskazi, wala bibi yetu wa Pemba aliyemzalia watoto saba. Kuwahifadhi hao ni juu yetu, nami sikutimiza wajibu huo.

Nilihamia huku mwaka 1984, kijana wa miaka 24. Nilipopata kazi serikalini, nilijitahidi nisijulikane kwa matamshi kuwa natoka Unguja. Kiswahili nilikiacha mlangoni pa ofisi, na hatimaye mlangoni pa nyumba yangu. Marehemu mama aliwasimulia wanangu habari za wazee wetu, nao hawakuielewa lugha yake. Amekwenda nazo.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwanza, kila nyumba ilete katika mkutano ujao nakala za picha, hati na barua ilizo nazo, na nyuma ya kila picha yaandikwe majina, ya wanawake sawa na ya wanaume. Pili, wazee wetu watatu waliohudhuria hapa warekodiwe sauti zao, kwa Kiswahili, kabla hatujatawanyika kesho.

Mimi nimeanza. Jana usiku nilimwandikia mjukuu wangu jina la bibi yule wa Pemba. Alilisoma kwa sauti, kisha akaniuliza: "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nimemwahidi jibu. Nisaidieni.

Wabillahi tawfiq.