Kisasi Hakijazi Sanduku

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wanachama, siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



 

Katika sherehe kama hii watu hutazamia kusikia mafanikio: nyumba zilizoezekwa bati, mbuzi walionunuliwa, watoto waliosomeshwa. Hayo yote yamo katika risala ya Mama Katibu. Sisi tumepewa kazi nyingine, nayo ni nzito kidogo. Tumeambiwa tuzungumzie mwaka wetu wa nne, mwaka ambao kikundi hiki nusura kife. Wenzetu wawili wanaohusika zaidi tumewaomba ruhusa nao wameturuhusu, ila majina hatutataja.

Ndugu zangu, wakati ule tulikuwa wanachama 28. Desemba ilipofika tukaketi ili tugawane hisa zetu. Sanduku lilipofunguliwa zilipungua shilingi 1,860,000. Mhazini wetu akanyamaza. Tukamwuliza mara ya pili, akaanza kulia.

Alikuwa amempa shemeji yake hela hizo ili anunue kahawa kwa butura, yaani kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Walitegemea kuzirudisha baada ya mavuno kabla hatujajua. Mwenye shamba akaiuzia kahawa ile kwa mtu mwingine. Na kwa kuwa butura ni biashara iliyokatazwa, shemeji hakuwa na pa kwenda kushitaki. Hela ikapotea.

Msidhani ilikuwa hasara ya makaratasi. Mwenzetu mmoja alikuwa akingoja hisa zake amlipie binti yake ada ya chuo cha uuguzi. Nafasi ilikwisha kupatikana. Siku ya mwisho ya kulipa ikapita, nafasi akapewa mwingine. Mwenzetu mwingine alimficha mumewe kwa kuwa alikuwa amekopa ili anunue hisa. Siku ile mume alijua, na tulisikia kelele mpaka nyumba ya tatu.

Basi, hasira ikatupanda. Jioni ile ile tulikwenda kwa mhazini, kama kumi na tano hivi, tukiimba nyimbo za kumzomea. Tukachukua cherehani, mbuzi wawili, masufuria na godoro. Godoro lile, jamani, alikuwa amelalia mtoto mwenye homa. Tulimwinua mtoto tukalibeba. Alisimama mlangoni akatutazama tunavyoondoka na hakulia. Wapo kati yetu ambao mpaka leo wakifumba macho wanamwona mtoto yule.

Sasa tuwaombe tupige hesabu, maana sisi ni watu wa daftari. Vitu vile viliuzwa kwa shilingi 310,000. Kesho yake mhazini alikimbilia kwao na watoto wake, akakaa huko miezi minane. Katika miezi hiyo hakulipa hata senti moja. Wanachama tisa wakajitoa. Wakwe zake wakawa hawatusalimu, na kisimani tukawa tunapishana kama wageni. Kisasi kilitulipa mara moja tu, kisha kikamfukuza mdeni. Wahenga walisema hasira hasara, nasi tumeiandika kwa tarakimu.

Wapo waliotushauri: “Sameheni tu, yaliyopita si ndwele.” Waliosema hivyo wengi wao hawakuwa na hisa ndani ya sanduku. Ni rahisi kusamehe hela ya mwenzio. Na sisi tulijiuliza: tukisema yamekwisha, yule binti atakwenda chuo gani? Ndwele isiyotajwa haipati mganga.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja mzee, mwanachama mwenzetu. Alitukumbusha mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa maelfu na kuingia Ngara, mkoani kwetu hapa Kagera. Sisi wengine tulikuwa wasichana, tulikwenda kuuza ndizi kambini Benako. Akatuuliza: “Wale waliobaki na wale waliorudi, baada ya damu yote ile, waliishije tena kijiji kimoja?”

Hatulinganishi wizi wa sanduku na mauaji yale. Itakuwa dhambi kulinganisha. Lakini kwa jirani mwenye msiba mkubwa kuliko wako kuna la kujifunza. Baada ya 1994 magereza ya Rwanda yalijaa watu ambao mahakama za kawaida zisingeweza kuwamaliza. Ndipo sheria ya 2001 ikaanzisha mahakama za gacaca, neno linalotokana na majani mafupi ambayo wazee walikuwa wakikalia wanapoamua mashauri. Kuanzia 2005 zilienea nchi nzima, na mpaka zilipofungwa Juni 2012 zilikuwa zimesikiliza kesi karibu milioni mbili. Waamuzi walichaguliwa na wananchi wenyewe. Aliyekiri kosa lake mbele ya watu na kusema ukweli alipunguziwa adhabu, na wengi walitumikia sehemu ya adhabu kwa kazi za jamii. Na walioharibu au kupora mali tu, hao hawakufungwa: walitakiwa walipe.

Gacaca hazikuwa na ukamilifu. Wapo waliosema uongo, wapo walioogopa kutoa ushahidi, na wapo waathirika wengi ambao malipo yao hawakuyapata. Lakini tuliokota pale mambo mawili. La kwanza, ukweli utangulie, tena usemwe hadharani. La pili, mali ilipwe, na mlipaji aachwe aishi ili aweze kulipa.

Basi tukamwomba Mtendaji wa kijiji awe shahidi, tukatuma watu watatu wakamwite mhazini. Alikuja Septemba ya mwaka wa tano, tukaketi chini ya mwembe wa shuleni. Alisema yote: alitoa kiasi gani, siku gani, alimpa nani. Hakumsingizia shetani. Alisema, “Nilichukua, na nilijua si zangu.”

Halafu yule mama mzee akasema, “Sasa na sisi tuseme yetu.” Tukatazamana. Ndipo tukakiri kwamba funguo tatu za sanduku zilikuwa zinalala nyumbani kwa mhazini, kwa kuwa washika funguo wawili walichoka kuja nazo kila Alhamisi. Tukakiri kwamba tulikuwa tumeacha kuhesabu hela mbele ya wote, tunasomewa daftari tu na kupiga makofi. Na tukakiri habari ya godoro. Mwenyekiti alipiga magoti akamwomba radhi mtoto yule kwa niaba yetu sote. Hakuna katiba inayosema mtoto alipe deni la mama yake.

Mapatano yetu yalikuwa hivi. Katika shilingi 1,860,000 zitolewe 310,000 za vitu tulivyouza, zikabaki 1,550,000. Atalipa shilingi 25,000 kila mwezi kuanzia Oktoba. Hiyo ni miezi 62. Godoro tulilinunua jipya kwa michango yetu, na hatukuliingiza katika deni.

Kuna miezi alileta hela ya dagaa, miezi mingine ya kulima vibarua. Kuna miezi alichelewa, akaja kusema mwenyewe kabla hajaulizwa. Ndugu Mgeni Rasmi, malipo ya sitini na mbili yaliingia mwezi uliopita, Novemba. Daftari lipo mezani pale, mwenye kutaka na alitazame. Waliojitoa nao wameitwa, kila mmoja amepewa fungu lake, na watano kati yao wamerudi kikundini.

Mhazini yule ni mwanachama wa kawaida na yumo humu ukumbini. Funguo hatukumrudishia, na mwenyewe hakuziomba. Tumejifunza kwamba kumsamehe mtu ni kitu kimoja na kumkabidhi sanduku ni kitu kingine. Siku hizi funguo tatu hulala nyumba tatu, na hela huhesabiwa mbele ya macho yetu sote.

Je, tumesamehe? Wengi wetu ndiyo. Lakini tusiwadanganye. Mwenzetu ambaye binti yake alikosa chuo amepokea hela yake yote, akasaini, akasema, “Hela nimepokea.” Neno samahani aliambiwa, neno nimekusamehe hajalitamka. Hatumlazimishi. Hela ilirudi, ule mwaka wa mtoto haukurudi. Yeye alikubali jambo moja tu tangu siku ile ya mwembe, kwamba hatalipiza. Na kila Alhamisi huketi naye chumba kimoja, wakasalimiana. Sisi tunaliheshimu hilo, na pengine ndilo lililotufikisha leo. Msamaha ni wake mwenyewe aliyeumizwa, utakuja ukija. Kuacha kisasi ndiko tunakoweza kuahidiana wote.

Kwa hiyo ndugu zangu wa vikundi vingine mliokuja leo, tunawausia haya machache. Mkiibiwa, msiende usiku. Ngojeni pakuche. Hakikisheni ukweli unasemwa, deni linaandikwa, na watoto hawaguswi. Tena jitazameni na nyinyi: funguo zenu zinalala wapi?

Dawa ya deni ni kulipa, na mdeni aliyefukuzwa halipi.