Kufunga Mfumo Endeshi kwa Waya: Hali ya Vipakatalishi vya Shule za Banissa

Mada kwa warsha ya walimu wa TEHAMA na mafundi wa kompyuta, Banissa, Kaunti ya Mandera



Waandaaji wameniagiza nianze na fasili. Nitazipitia upesi, maana wengi wenu mnazijua. Mfumo endeshi ni ile programu kuu ambayo bila yake kipakatalishi ni kioo na vibonyezo tu. Kuwasha kwa mtandao, au PXE kama Intel ilivyouita utaratibu huu mwishoni mwa miaka ya 1990, ni kompyuta kuuomba mfumo wake kupitia waya badala ya kuutafuta kwenye diski au flashi. Huduma ya DHCP huipa anwani na kuitajia faili la kwanza. TFTP huliteremsha faili hilo. Nalo huita mengine mpaka ufungaji uanze. Fasili zimeisha.

Kwa nini leo? Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda mbele. Vipakatalishi vingi vya zamani makabatini mwetu havifiki hapo. Ama tuvihamishie Linux, ama vibaki bila kinga. Kuvipitia kimoja kimoja kwa flashi, kuanzia Derkhale hadi Malkamari, ni kumtwisha fundi mmoja mzigo wa watu kumi.

Kuna dhana niiondoe kwanza. Mtu akisikia mtandao hudhani intaneti, kisha hukata tamaa kwa kuwa hapa intaneti huja na kwenda. Kazi hii haihitaji hata kilobaiti moja ya bando. Faili za mfumo huja kwenye diski iliyojazwa Mandera mjini au Garissa, zinawekwa kwenye seva chumbani, basi. Wazo lenyewe si geni: serikali ilipoanza kugawa vifaa vya kidijitali katika shule za msingi mwaka 2016, pamoja na tablet na vipakatalishi vya walimu ilileta seva ndogo ya masomo ili mwanafunzi asome bila intaneti.

Hesabu ni hii. Mfumo wa gigabaiti 4 kwa vipakatalishi 20 ni gigabaiti 80. Kwa swichi ya megabiti 100 kwa sekunde, hiyo ni karibu saa mbili. Kwa swichi ya gigabiti moja, takriban dakika 12, diski zikiwa na mbio. Tofauti ya bei ya swichi hizo mbili haistahili kujadiliwa kwenye kamati.

Umeme nao usiwatishe. Kipakatalishi kina betri yake. Kinachozimika katikati ya kazi ni seva na swichi. Kwa hiyo seva nayo iwe kipakatalishi, hata kikuukuu, na swichi ndogo inayotumia volti 12 iunganishwe kwenye betri ya sola, kwa sharti lebo ya chaja yake isomwe kwanza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelipigania kwa miaka. Vipakatalishi vinavyoletwa siku hizi havina tundu la waya.

Ni vyembamba, vyepesi, vinapendeza kwenye picha za makabidhiano. Lakini PXE kwa kawaida haipiti Wi-Fi; inataka waya. Utaambiwa nunua adapta ya USB. Sawa. Ila kabla mfumo endeshi haujaingia, anayepaswa kuitambua adapta ni programu iliyomo kwenye ubao wa kompyuta, nayo hujua aina chache tu za chipu. Adapta ileile inayofanya kazi vizuri ndani ya Linux itakaa kimya kabisa wakati wa kuwasha, na mwalimu ataamini imeharibika.

Ukipata inayotambulika, unakutana na la pili. Anwani ya MAC ni ya adapta, si ya kipakatalishi. Ukiihamisha adapta moja katika mashine 20, seva inayosajili kwa anwani huona mashine moja iliyofungwa mfumo mara 20. Dawa yake ni kusajili kwa namba ya utambulisho iliyomo kwenye ubao, ambayo kompyuta huituma pamoja na ombi lake la DHCP.

La tatu ni mchanganyiko. Mashine za zamani huwaka kwa BIOS, mpya kwa UEFI, na faili la kwanza la moja halifai kwa nyingine. Seva lazima isome aina ya mashine ndani ya ombi ndipo ijibu. Mpya nyingi pia zina Secure Boot, inayokataa faili lisilo na sahihi inayokubalika. Matoleo ya Linux kama Debian na Ubuntu yana faili zenye sahihi. Zitumieni kabla ya kukimbilia kuizima kinga hiyo.

Haya yote nimeyaandika kwenye barua. Majibu yalikuja kwa heshima: pendekezo limepokelewa. Ofisi sitaitaja, wala sidai kuna mwenye nia mbaya. Vigezo vya zabuni hutaja kumbukumbu, diski, upana wa kioo na muda wa dhamana. Tundu halitajwi, na mstari mmoja tu ungetosha.

Mapendekezo:

Zabuni za vipakatalishi vya shule zitaje tundu la waya. Likikosekana, muuzaji alete adapta iliyojaribiwa kuwasha kwa PXE kwenye modeli hiyohiyo, mbele ya fundi, kabla ya malipo.

Fundi awemo katika kamati ya ukaguzi, si kuitwa baada ya makabidhiano.

Adapta zisinunuliwe kwa bei pekee. Zijaribiwe kwanza.

Kila kituo kiwe na swichi ya gigabiti na betri yake.

Ruta za kampuni za intaneti zisiguswe. Seva itumie programu ya dnsmasq kwa hali ya wakala, ili ruta iendelee kugawa anwani na seva itaje faili tu.

Adapta isipotambulika, tumieni flashi ndogo yenye kiini cha Linux. Hicho kinaijua, kisha kitavuta yaliyobaki kutoka kwenye seva.

Mashine zisajiliwe kwa namba ya ubao.

Na, kwa ruhusa ya mwenyekiti, narudia: zabuni zitaje tundu la waya.

Baada ya chai tutaanza na vyenye tundu, hivyo vitakwenda haraka. Mlio na vyembamba leteni adapta zenu zote, hata mlizozitupa kwenye droo kwa kudhani zimekufa.