Ufunguo wa Bwalo

Ndugu zangu tuliosoma hapa,

Desemba 2022 dhoruba ya theluji iliukumba mji wa Buffalo, Marekani. Katika kitongoji cha Cheektowaga, mtu mmoja alivunja dirisha la shule akawaingiza watu waliokwama barabarani, jumla yao 24, wazee wakiwamo. Walikula chakula cha shule, wakasafisha walipolala. Naye akaacha barua ya kuomba radhi. Polisi walimshukuru.

Sisi watumishi wa Serikali tumezoea kungoja kibali. Maafa hayangoji. Kwetu hakuna theluji, lakini mafuriko yapo. Napendekeza tukubaliane leo na shule: usiku wa maafa, ufunguo wa bwalo uwe kwa nani?